Mwalimu wa Kengele Isiyolia

Mwalimu wetu wa hesabu hakuweza kusimulia habari za kengele akiwa ameketi. Alianza akiwa kitini, mikono magotini, kama mtu aliyewahi ibada. Lakini akifika pale ambapo sarafu, au nyota, au vifua vya askari vinaanza kujipanga vyenyewe, alikuwa tayari amesimama na chaki imeshaacha alama nyeupe kwenye sketi yake. Alichora mstari mmoja ubaoni bila kuinua mkono. Ulianzia chini kushoto ukatambaa, ukapanda kwa haraka, ukazunguka juu kama paji la uso la mtoto, kisha ukateremka upande wa pili vilevile ulivyopanda. Halafu alirudi nyuma kidogo na kuutazama kama anayemtazama mgeni aliyengojewa siku nyingi.

"Hii hapa," alisema. "Kengele. Hailii, lakini mkishaizoea mtaiona kila mahali, na mtanilaumu mimi."

Nilimjua kwanza kama mwalimu wangu wa sekondari, kisha kama jirani wa mbali kidogo, yeye akikaa Buruburu na sisi Jericho, mitaa miwili ya Nairobi, mwendo wa miguu tu. Baadaye akawa mtu ambaye sikuwa na jina la kumwita ila hilohilo la Mwalimu, ingawa nilikuwa nimeshamaliza shule, nimeolewa na kuanza kuota mvi.

Kitabu chetu kilikuwa cha Kiingereza, na mtihani ulikuwa wa Kiingereza. Lakini hadithi za kengele alizisimulia kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, hakuna mtu anayeshangaa vizuri kwa lugha ya mtihani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka na kina mzizi wa magharibi mwa nchi, kila neno likitembea taratibu na kwa heshima. Sisi tulikuwa na Sheng yetu ya Jericho, isiyofanana hata na ile ya ng'ambo ya barabara. Hakutukataza. Kitu kikimfurahisha kupita kiasi, hata yeye ilimponyoka. Siku moja, katikati ya mfano wa sarafu, alijisahau akasema, "Manze, tazameni hii," na darasa zima likacheka mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia.

Wanahisabati wa kale aliwasimulia kama watu wa mtaani ambao amewahi kuazima chumvi kwao. Hakujali sana miaka waliyoishi. Alijali waliishije. Palikuwa na Mfaransa mmoja, alituambia, aliyefungwa ujanani kwa sababu ya dini yake, akakimbilia London, na hakuna chuo kilichompa kazi. Alifundisha watoto wa matajiri nyumba hadi nyumba, na katikati ya safari hizo aliketi mkahawani, wacheza kamari wakimjia na maswali. Nikirusha sarafu mara nyingi mno, kichwa kitatokea mara ngapi? Hesabu ya kujibu swali hilo moja kwa moja ilikuwa ndefu kiasi cha kumzeesha mtu. Basi mkimbizi yule akatafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ikawa na umbo.

"Hakujua amegundua nini," Mwalimu alisema, macho yakimng'aa. "Alifikiri amepunguza kazi tu. Wengine wakaja nyuma yake wakakuta kwamba ameacha mlango wazi."

Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Madam, kwa hivyo hii topic yote imetoka kwa kamari?"

"Imetoka kwa mtu aliyeulizwa swali akaona aibu kulijibu ovyo," alisema. Kisha akafikiri, akaongeza, "Na kwa kamari pia, ndiyo."

Jibu hilo ndilo lililomfikisha mbele ya wazee wa kanisa. Mtoto fulani alikwenda nyumbani akasema Mwalimu anawafundisha kamari, na kweli siku ile tulikuwa na dadu darasani. Mwalimu alikuwa mtu wa kanisa hasa, wa kwaya na wa kutembelea wagonjwa, na hakuwahi kununua tikiti ya bahati nasibu hata ya harambee ya paa la kanisa lake mwenyewe. Aliwaambia atachanga, lakini hatacheza. Hata hivyo hapakuwa na mtu Buruburu nzima aliyejua michezo ya bahati kuliko yeye. Alijua dadu, karata na mashine za kamari za vioskini, na sababu inayomfanya mwenye mashine ashinde sikuzote. Mzee wa kanisa alipomwuliza kama ni kweli, alijibu kwamba ni kweli, na akaomba apewe watu kumi kwa dakika moja. Akawagawia sarafu, akawaomba wazirushe na kutaja matokeo. Wazee wale walirusha. Walipogundua kwamba wanafurahia, walikuwa wamesharusha mara nyingi na mchoro ulikuwa umeanza kuinuka kwenye ubao wa matangazo.

"Sasa basi mnajua kwa nini sichezi," aliwaambia. "Nimeona umbo la kushindwa likoje."

Hawakumwita tena. Lakini dadu alizirudisha nyumbani, na kuanzia hapo tulitumia vifuniko vya soda.

Hadithi aliyoipenda zaidi ilikuwa ya ile sayari ndogo iliyopotea. Padri mmoja wa Italia aliiona angani usiku kadhaa, akaugua, na aliporejea kwenye darubini yake ile nukta ilikuwa imeingia nyuma ya mwanga wa jua. Ulaya nzima ya wenye darubini ikawa inaitafuta bila kujua itatokea wapi. Hapo Mwalimu alikuwa akifuta ubao polepole na kutuacha tuteseke. Kisha akamleta kijana wa Kijerumani, mtoto wa familia ya kawaida kabisa, aliyechukua vipimo vichache vya yule padri, vyote vikiwa na kasoro zake, akakaa navyo, akasema: itafuteni pale. Wakaitafuta pale. Ilikuwepo.

"Vipimo vyote vilikuwa na makosa," Mwalimu alisema, akigonga meza kwa kidole. "Vyote. Lakini makosa yale yalikuwa na tabia. Madogo ni mengi, makubwa ni machache, ya kushoto sawa na ya kulia. Baadaye yule kijana akaandika kitabu akasema makosa hukaa hivi." Akachora. Kengele yetu.

Ili tuamini, alitutoa nje, kila mtu na rula yake, tupime urefu wa ukumbi wa shule. Tuligombana. Kila mmoja aliona mwenzake ni mzembe, na hakuna wawili walioafikiana. Mwalimu akaandika vipimo vyote ubaoni, akavipanga, na vikajikusanya katikati mbele ya macho yetu kama kuku wanaoingia bandani. Kila mmoja wetu alikuwa amekosea, na kwa pamoja tulikuwa tumepata.

Ubao wake wa misumari, wa kutuonyesha kengele ikijijenga, ulitengenezwa na baba yangu. Baba alikuwa mchongaji. Alichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii katika kibanda nyuma ya soko la Jericho, na hakuwa amewahi kuombwa kitu kisicho na masikio wala miguu. Mwalimu alifika kibandani Jumamosi moja asubuhi, akasalimu, akakataa kiti.

"Baba Mwende, nataka ubao wa kusimama," alisema. "Misumari kwa safu, kila msumari ukae kati ya ile miwili iliyo juu yake. Chini uniwekee vijumba vyembamba, na mbele kioo."

"Ni wa kufanyia nini, Mwalimu?"

"Wa kumwagia ndengu."

Baba alinitazama mimi. Sisi ni Wakamba, na ndengu, zile choroko za kijani, kwetu ni chakula, si kitu cha kumwaga. Lakini aliutengeneza, na siku ya kuujaribu watu wa vibanda vya jirani waliacha kazi zao wakaja. Mwalimu alimimina ndengu juu, kidogo kidogo. Kila punje iligonga msumari ikaenda kushoto au kulia, ikagonga mwingine, ikayumba, ikaanguka. Mwanzoni hapakuwa na cha kuona. Kisha katikati pakaanza kupanda na pembeni pakabaki pembamba, na kibanda kizima kikasogea karibu. Baba alizimwaga tena. Akazimwaga mara ya tatu, safari hii akiugeuza ubao kwanza, kama anayetafuta mahali pa hila.

"Nani anaziambia?" aliuliza mwishowe.

"Hakuna, Baba Mwende. Hilo ndilo jambo lenyewe. Kila punje inakwenda zake, haijui habari ya mwenzake."

"Lakini zimekubaliana."

"Hazikukubaliana. Zimetofautiana kwa utaratibu."

Baba alicheka kicheko cha mtu aliyepewa zawadi. Twiga wa siku ile hakumalizika, na jioni Mama alipouliza ndengu zimekwenda wapi, Baba alijaribu kumweleza kwa mikono yote miwili mpaka chakula kikapoa.

Lakini kulikuwa na hadithi mbili ambazo Mwalimu alizisimulia kwa sauti nyingine. Ya kwanza ilikuwa ya Mbelgiji mtazama nyota aliyeiteremsha kengele kutoka mbinguni na kuwawekea watu. Alichukua vipimo vya vifua vya askari wa Uskoti, akakuta umbo lilelile. Hadi hapo Mwalimu alikuwa bado amefurahi. Yule Mbelgiji akaendelea, akasema mtu wa katikati, mtu wa wastani, ndiye mtu kamili ambaye maumbile yalimkusudia, na sisi wengine ni kama vipimo vilivyokosewa.

"Hapo aliteleza," Mwalimu alisema. "Nyota ni moja, na macho mengi yanaikosea. Lakini askari hakuwa mmoja. Walikuwa wengi kweli. Hakuna aliyekosewa."

Ndiyo sababu hakupenda neno la kitabu, normal distribution, yaani mgawanyo wa kawaida. Alilitumia kwa sababu lilikuwa kwenye mtihani, lakini kila mara alituambia tuliandike tu, tusiliamini. "Ukishaliita umbo hili la kawaida," alisema, "kesho utampata mtu wa kumwita si wa kawaida."

Hadithi ya pili ilikuwa ya Mwingereza tajiri aliyebuni ule ubao wa misumari. Aliipenda kengele kuliko wote. Ndiye aliyesema kwamba Wayunani wa kale wangeijua wangeifanya mungu. Lakini huyohuyo alitumia umbo hilo kuwapanga binadamu, nani azae na nani asizae, mataifa gani yako juu na yapi chini. Na kabla ya hapo alikuwa amesafiri kusini-magharibi mwa Afrika, na huko akamwona mwanamke ambaye mwili wake ulimshangaza. Hakujua lugha yake, na hakumwomba ruhusa. Alisimama mbali, akatoa chombo chake cha kupimia nyota, akampima kutoka pale aliposimama, kama mtu anayepima kilima.

Mwalimu alipofika hapo aliweka chaki chini. Msichana mmoja akauliza, "Kwa nini basi tunatumia ubao wake?"

"Kwa sababu misumari si yake," Mwalimu alisema. "Na ndengu si zake. Alichokiona ni chake, na alivyokitumia ni aibu yake. Vyote viwili nitawafundisha. Mkijua kimoja bila kingine nitakuwa nimewadanganya."

Sikuelewa uzito wa maneno hayo mpaka nilipozoea kwenda kwake. Mwalimu alikuwa na mwana mmoja, Barasa, mtu mzima hata wakati ule. Barasa hakujua kusoma wala kuandika, na maneno yake yalikuwa machache, lakini alifua nguo za nyumba nzima na kuzianika kwa rangi, kutoka nyeupe hadi nyeusi, na ukikosea ukaweka taulo ya kijani mahali pa bluu alikuja kuirekebisha bila kukulaumu. Tulikuwa tunamenya mbaazi jikoni, mimi na Mwalimu, aliponieleza. Barasa alipokuwa mdogo alimpeleka kupimwa akili.

"Walinichorea kengele," alisema. "Mtu mpole tu, ofisini, ana kalamu. Akachora ule mstari wangu, akaweka nukta huku kushoto, mwisho kabisa, akaniambia, mwanao yuko hapa."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia mchoro wake umepinda." Akamenya mbaazi kadhaa. "Na ulikuwa umepinda kweli, upande wa kulia. Nikamsahihishia. Kisha nikamchukua Barasa tukaja nyumbani, nikalia."

Akaendelea, na sauti yake ikaanza kupata ile haraka ya darasani.

"Nilitaka kuichukia, Mwende. Nilijaribu. Sikuweza. Nikarudi kusoma upya, tangu yule mkimbizi wa mkahawani, nikitafuta ni wapi ilipomgeukia mwanangu. Nikapata. Umbo lile linasema habari za wengi. Ukilishika na kulilazimisha liseme habari za mmoja, litasema, lakini halijui linalosema. Halijui kwamba huyu anapanga nguo kwa rangi."

Mtu aliyezungumza hivyo ungemtarajia awe mpole kwa kila mtu, na hakuwa hivyo. Alikuwa mkali wa kuogopwa kwa uvivu. Alimrudishia mtoto kazi yenye jibu sahihi kwa sababu hakuonyesha njia. Alisifu wastani mwaka mzima, lakini ukimwambia chai yake ni ya wastani alinuna. Na chai yenyewe hakuipika namna moja mara mbili. Leo tangawizi iliunguza koo, kesho ilikuwa maji ya moto yenye rangi.

Ukali huo wa darasani ndio uliomponza. Nilipokuwa kidato cha tatu tulipata mwalimu mkuu mpya, mtu wa semina. Muhula ule Mwalimu alikuwa ametufundisha kama anayekimbiza kitu, na tulipofanya mtihani karibu darasa zima lilifaulu vizuri. Nilikuwa nimepeleka madaftari ya wenzangu katika chumba cha walimu nilipowasikia.

"Mwalimu, darasa zima haliwezi kufaulu," mkuu alisema. "Hizi alama lazima zikae vizuri. Wachache juu, wengi katikati, wachache wafeli. Wewe mwenyewe ndiye wa hiyo kengele."

"Kengele huja yenyewe, mkuu. Huwezi kuipanga kwa vidole halafu ukasema tazama ilivyokuja."

"Ndiyo hali ya kawaida."

"Hawa watoto hawakurushwa juu kama sarafu," Mwalimu alisema, na sasa alikuwa amesimama. "Walifundishwa. Kama nimewafundisha muhula mzima na mchoro bado ni uleule wa mwanzo, basi mimi ndiye nimefeli."

Alama zilibadilishwa bila yeye. Walioumia walikuwa wale waliokuwa chini kidogo ya wenzao katika darasa ambalo wote walikuwa wamepanda. Mmoja wao alikuwa Akoth, niliyekaa naye dawati moja. Aliambiwa arudie mwaka. Akoth alitoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, na baba yake alikuwa kibarua wa viwandani, wa kusimama langoni asubuhi kungoja kuitwa. Baba huyo alisema kama mtoto ameshindwa na shule, hakuna haja ya kuirudia, atafute kazi.

Mwalimu aliniambia nimwonyeshe njia. Tulikwenda jioni ya siku ya shule, yeye na viatu vyake vya darasani, tukavuka hadi Industrial Area, eneo la viwanda, tukaingia vichochoroni. Baba Akoth alikuwa ndiyo kwanza amerudi. Alitukaribisha, akampa Mwalimu kigoda na yeye akabaki amesimama.

"Shule imesema amefeli, Mwalimu."

"Mimi ndiye niliyesahihisha. Hakufeli."

"Lakini hii ripoti ina muhuri."

"Muhuri hauwezi kupiga hesabu," Mwalimu alisema. "Mwulize yeye. Mwulize chochote cha kazini kwako."

Baba Akoth alifikiri. Akamwuliza mwanawe jambo la katoni, zinavyopangwa kwenye lori, na ngapi zitabaki nje. Akoth alijibu huku akiangalia chini. Akamwuliza jingine, gumu zaidi, na safari hii Akoth aliinua macho akajibu kabla baba yake hajamaliza. Yule baba alikaa chini palepale, kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Kumbe," alisema. Halafu kwa Mwalimu, "Unataka nifanye nini?"

"Kesho asubuhi twende wote ofisini. Tukae mpaka watusikie."

Walikwenda na walikaa. Tuliwaona kupitia madirisha, yeye na kibarua yule, bega kwa bega kwenye benchi la nje ya ofisi, vipindi vikipita. Baba Akoth alikosa kazi siku ile. Mchana waliitwa ndani, na Akoth akaruhusiwa kuendelea na sisi. Leo ni mpima ardhi, na nikimpigia simu anapenda kunikumbusha kwamba kila pembe anaipima zaidi ya mara moja.

Kwa Mwalimu mambo hayakuisha vizuri hivyo. Alinyang'anywa madarasa ya mtihani, na mpaka alipostaafu hakurudishiwa. Alifundisha kidato cha kwanza kujumlisha sehemu. Hakulalamika mbele yetu, lakini tulikuwa tukimwona akipita dirishani kwetu polepole, shingo imeinuka, akisoma kilichoandikwa ubaoni. Jumamosi tulijaa sebuleni kwake Buruburu, wengine sakafuni, na Barasa akitupitishia vikombe. Nafikiri hatukuwahi kufundishwa vizuri kuliko pale. Nilitoka kwenye sebule ile nikijua ninachotaka. Sasa nina kazi katika kiwanda cha sabuni Industrial Area, kazi ya kupima miche inayotoka kwenye mashine, na kila siku ya Mungu vipimo vyangu vinajikusanya katikati, na kila siku ninafurahi kidogo, peke yangu, bila kumwambia mtu.

Miaka ikapita bila kuonana naye sana. Kisha zikaja zile mvua. Mto unaopita Mukuru ulitoka mahali pake ukaingia nyumba za watu, na waliobaki bila makao walipelekwa katika ukumbi wa kanisa. Kiwanda chetu kilitoa sabuni, nami nikaipeleka. Ukumbi ulikuwa umejaa magodoro mabichi na watoto, harufu ya matope na uji. Katikati ya hayo yote nikamwona Mwalimu, amekuwa mdogo, mgongo umeinama, akigawa mablanketi pamoja na Barasa. Aliponiona aliacha blanketi mikononi mwa mtu.

"Mwende. Nimekuwa nikikutafuta."

"Pole, Mwalimu. Nyumbani mko salama?"

"Nyumbani tuko wazima. Sikiliza. Mvua haitii."

"Haitii nini?"

"Kengele."

Alinivuta pembeni, karibu na jukwaa. Tangu astaafu, aliniambia, alikuwa akipima mvua kwa chupa iliyokatwa, juu ya paa lake la zege. Alingoja misimu ikae kama ilivyopaswa, mingi ya wastani, michache ya ukame, michache ya mafuriko, kila mmoja ukija kivyake. Haikukaa. Msimu mkubwa ulileta mkubwa mwingine. Ukavu ulivuta ukavu.

"Zinaitana," alisema, akinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitarajia. "Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Mvua inakumbuka. Na mtu akijenga ukuta au mfereji akidhani haikumbuki..." Aligeuka akautazama ukumbi, mama mmoja aliyekuwa akikamua shuka, watoto waliolala wakiwa na viatu. Kisha akanirudia, na niliona machoni pake jambo ambalo sikulitegemea mahali kama pale kwa mtu wa umri wake. Alikuwa na hamu. "Maisha yangu yote nimelitazama umbo moja, Mwende. Kumbe lina ndugu, na sikuwahi kuonana nao."

Nilimwambia kwamba katika masomo ya chuo ninayochukua jioni baada ya kazi mhadhiri aligusia jambo hilo. Alisema mito mingine ina kumbukumbu.

"Nani aligundua?"

"Sijui, Mwalimu. Alituandikia fomula tu."

Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama walioleta jibu bila njia. "Mtu fulani alikaa kando ya maji akashangaa," alisema. "Na wewe ukamwacha mhadhiri aondoke bila kukwambia ni nani. Haya. Jumamosi nipo nyumbani."

Juma lile nilisoma kuliko nilivyosoma kwa mtihani wowote. Nilisoma mapumziko ya kiwandani, nilisoma nikikoroga ugali, mume wangu akauliza kama nimebadilisha kazi. Jumamosi nilifika Buruburu asubuhi. Barasa alinifungulia, na kabla sijavua viatu nikasikia sauti kutoka sebuleni.

"Alikuwa nani?"

Alikuwa ameketi kwenye kochi, mikono magotini. Nilijaribu kukaa kwenye kiti kilichomkabili lakini mwili ulikataa, nikajikuta nimesimama katikati ya zulia.

"Palikuwa na Mwingereza mmoja," nilianza, "aliyekwenda Misri akiwa kijana. Alipanga kukaa kidogo tu. Akaishia kukaa huko karibu maisha yake yote, akiupima Mto Nile, kwa sababu walitaka kujua bwawa lijengwe kubwa kiasi gani. Na maji mengine ya mto huo, Mwalimu, yanatoka kwenye ziwa letu, huko kwenu magharibi, na..."

"Ngoja," alisema, akipapasa kochi kwa mikono yote miwili. "Ngoja, usiendelee. Barasa, miwani yangu iko wapi? Sisikii vizuri bila miwani."